Mjadala: Jikoni mwa shule, tupige marufuku kuni au tupime moshi?

Mleta mada: Wadau, agizo la Serikali ya Tanzania lilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kufikia 31 Januari 2024. Mkakati wa Taifa nao unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Swali langu: sheria ikataze kuni, au iweke kikomo cha moshi, na jiko litakalofaulu liruhusiwe?

Fundi Majiko: Iweke kikomo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishapendekeza tangu 2014: jiko lisilo na bomba lisizidi miligramu 0.23 za PM2.5, yaani chembechembe laini za moshi, kwa dakika, lenye bomba 0.80. Jiko banifu, yaani la kubana matumizi ya kuni, si mafiga. Chemba yake ni ya tofali jepesi linalotunza joto, na kuni hulala juu ya wavu ili hewa ipite chini yake.

Mpima Moshi: Fundi, malizia na pengo kati ya sufuria na ukuta wa jiko. Wajenzi hulibana ili kuni zipungue. Likibanwa mno, hewa haivutwi na moto unapoa kabla moshi haujaungua. Angalia masizi yaliyoganda kitakoni mwa sufuria. Kuni zimepungua, uchafu umeongezeka! Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya majiko, ISO 19867, hutoa daraja la ufanisi peke yake na la chembechembe peke yake, 0 hadi 5. Muuzaji akikutajia daraja moja tu, muulize la pili.

Mama Stoo: Na kuni zenyewe? Zikiwa na unyevu wa asilimia 40, kila kilo ina gramu 400 za maji, na moto unaanza kuchemsha hayo kabla ya maharage. Hakuna jiko litakalofaulu hapo. Zipasuliwe, zipangwe bandani zipitishe upepo, zishuke chini ya asilimia 20. Kupima ni rahisi: pima kipande, kikaushe kwa nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, kilichopotea ugawe kwa uzito wa mwanzo.

Mtetezi wa Gesi: Mama, shikamoo. Ni shule ngapi zitafanya hivyo kila wiki? Hata jiko la kuwashia juu, linalojazwa kuni mara moja kisha moto ukashuka taratibu, ambalo huwaka safi sana, linaharibika ukiongeza kuni katikati: kuni mpya zinaangukia makaa, miali inazimika, moshi unafumka. Maharage hayaivi kwa mjazo mmoja. Bomba nalo halipunguzi moshi, linauhamishia uwanjani kwa watoto.

Mama Stoo: Marahaba. Maharage yalowekwe usiku kucha, muda wa moto utapungua sana, hata kwenye gesi yako.

Fundi Majiko: Hoja ya mjazo naikubali. Basi kikomo kipimwe jikoni penyewe: kuni za stoo, sufuria ya maharage, mpishi yuleyule, kuanzia kuwasha hadi kuepua. Jiko likishindwa, ling'olewe.

Mpima Moshi: Na kipimo kirudiwe masika, kuni zikiwa zimelowa.