Ngiri ya kinena ambayo haikuonekana kwenye picha

Swali, kutoka Bahi: Ndugu zangu, baba huumwa kinena kila anapobeba gunia la uwele, ilhali ultrasaundi aliyopigwa Dodoma mjini haikuonyesha kitu. Je, ngiri inaweza kujificha?

Jibu: Inaweza. Mzee alipaswa kupimwa akikohoa au kujikaza, tena akiwa amesimama, kwa sababu utumbo au mafuta yanayopenya kwenye ukuta wa tumbo mara nyingi hurudi ndani mgonjwa anapolala chali.

Jibu: Naongeza kwamba maumivu yakiendelea, MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hubaini vizuri zaidi ngiri iliyofichika, hata misuli iliyochanika. Ukitokea uvimbe usiorudi ndani, naye akawa anatapika, msingoje miadi ya picha. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe alipimwa akiwa amelala tu.