Msimu upi unafaa kutembelea mji wa pwani ya tropiki?

Swali: Ndugu zangu, husemwa kwamba kiangazi ndicho msimu bora wa kwenda pwani. Je, ni lazima kuepuka kabisa miezi ya mvua?

Jibu: Si lazima. Katika tropiki joto hubadilika kidogo tu mwaka mzima, hivyo kinachotofautisha misimu ni mvua na upepo, na mara nyingi mvua hunyesha kwa nguvu kwa saa chache kisha jua likarudi.

Jibu: Upepo ndio unaopuuzwa zaidi, ingawa ndio unaoamua iwapo mpiga mbizi ataikuta bahari imetulia.

Jibu: Kwangu mimi, cha kuepuka ni vimbunga, ambavyo katika Atlantiki ya Kaskazini msimu wake ni Juni hadi Novemba.