Judy XC ya zamani, shokapu ya mbele imeganda kabisa, nianzie wapi?

raskazone84:
Wakuu habari za jioni. Nimepata mountain baiki ya mtumba hapa Tanga, ilikaa stoo kwa watu miaka mingi, mbele ina foki (uma wenye shokapu) ya RockShox Judy XC nyekundu, ile ya miaka ya 90. Fremu nzima na gia zinaingia, ila shokapu haishuki hata kidogo, naegemea usukani kwa kilo zangu zote 84 imesimama tu kama nguzo. Fundi wa mtaani kasema ni kutu, tuipige moto wa gesi halafu tuigonge. Nimemzuia kwanza, hii foki naipenda mno. Kuna aliyewahi kuifungua?

fundi_spoku:
Umefanya la maana mkuu, moto usiuruhusu kabisa. Chukua sumaku uguse yale mabomba mawili ya juu, haitanata, ni alumini, na miguu ya chini ni magnesiamu, sasa kutu ya chuma itoke wapi? Moto utaunguza bushi na sili (vizuizi vya vumbi na mafuta) na hizo kuzipata hapa kwetu ni kazi. Kilichoganda ni raba. Judy za wakati huo zinabebwa na vipande vya raba vilivyopandana ndani ya bomba, na vikizeeka kwenye joto vinakuwa jiwe au vinayeyuka. Mimi nilifungua moja nikakuta kitu kama ulimbo wa fenesi, ukigusa inavutika uzi mpaka kifuani na sabuni haitoi.

Anza juu, fungua vifuniko pole pole maana ni plastiki na imezeeka, toa raba zinazotoka, zilizogoma zichokonoe kwa spoku uliyoikunja ncha. Ukimaliza geuza baiskeli, chini ya kila mguu kuna bolti imezama ndani kabisa, inataka alenki ndefu namba 6, legeza mizunguko minne hivi lakini USIITOE, acha alenki humo humo ugonge na nyundo ya mpira mpaka uhisi imeachia, hapo ndo utoe bolti uvute miguu ya chini.

likoni_rider:
Naongezea kutoka Mombasa, sisi chumvi ya bahari tunaijua. Alumini haishiki kutu nyekundu lakini inatoa unga mweupe, na huo unga ukijaa pale kwenye sili foki inakwama vilevile. Funga kitambaa ukimwagie maji ya moto, subiri, vuta huku unazungusha kidogo kidogo. Ulimbo uutoe kwa spiriti ndugu yangu, mafuta ya taa yakifika kwenye sili yanaweza kuiharibu. Halafu pitisha ukucha kwenye bomba: mkwaruzo mdogo unaulainisha na msasa wa maji namba 2000, shimo likinasa ukucha hiyo sili mpya italiwa tena.

raskazone84:
Wakuu imefunguka!! Mguu wa kulia ulitoka ndani ya dakika kumi, wa kushoto nimeutesa siku mbili na maji ya moto. Raba za juu zilikuwa ngumu kama kokwa la embe, za chini ulimbo mtupu, kweli fenesi. Mabomba yanang'aa, ukucha haunasi popote. Ile katriji ya mafuta (kopo la ndani la kutuliza mdundo) imevuja yote. Sasa raba nitoe wapi?

fundi_spoku:
Hongera sana, nimefurahi kama yangu vile! Katriji hizo zilijulikana kwa kuvuja, usivunjike moyo, foki itatembea hata bila mafuta yake ila itadunda zaidi. Raba za asili usizihangaikie, weka springi. Pima kipenyo cha ndani cha bomba kwa venia (kipimo cha taya cha mafundi), springi iingie bila kukwaruza, urefu uwe ule wa raba zote zikiwa zimepangana, ipake grisi isigonge bomba. Kabla ya kufunga bolti ibonyeze kwa mkono mpaka chini, uhakikishe koili hazijabanana kabla foki haijafika mwisho. Lete vipimo hapa tuvione.