Mama anasahau, ameshapotea mara mbili. Nimfungie ndani au nifanyeje?

KitindaMimba_Hai:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nisomeni mpaka mwisho tafadhali.

Mama ana miaka 78, naishi naye Machame, wilayani Hai. Ilianza kidogo kidogo: chumvi mara mbili kwenye mboga, kumuulizia mbuzi tuliyemuuza mwaka juzi. Mara ya pili alipopotea, vijana wa bodaboda walimkuta barabarani saa nne usiku ameshika mundu, anasema anaenda kukatia ng'ombe majani. Ng'ombe hatuna tena.

Kwa hofu nikamtoa jikoni, nikaficha mundu na jembe. Sasa anakaa kwenye kiti barazani asubuhi mpaka jioni, na tangu hapo ndiyo hali imezidi. Jua likizama anapiga kelele anataka kwenda "nyumbani", na yuko nyumbani. Zahanati waliniambia ni uzee tu. Shangazi anasema karogwa. Genge langu la mboga nimelifunga tangu Machi. Kaka zangu watatu wanatuma hela kidogo na maelekezo mengi kwenye grupu la familia, na kaka mkubwa kasema nikitoka nimfungie chumbani. Jana nilishika kufuli, nikashindwa. Nimechoka jamani.

Mwana_Kilifi:
Pole sana dadangu. Maneno ya kurogwa yakatize mapema. Huku kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee anayetembea usiku akiongea peke yake ni mwepesi kunyooshewa kidole. Waambie majirani waziwazi kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo. Hao wa bodaboda nao wape nambari yako ya simu.

TibaKwaVitendo:
Dada, pole, na umefanya vyema kutomfungia. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa ajimudu kupitia shughuli zake za kila siku. Kazi hii ndiyo naifanya.

Kwanza, "ni uzee tu" si jibu. Hapo hapo Hai walipimwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, na takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau, kitaalamu dementia. Maana yake wengi hawana, kwa hiyo uzee peke yake hauleti hali hiyo. Mpeleke hospitali ya wilaya wamwangalie damu, mkojo, masikio, macho na dawa anazotumia. Akibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, usisubiri, huenda ni maambukizi. Pitia dirisha la wazee, na ofisi ya ustawi wa jamii uulize kitambulisho cha matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na matibabu ya mzee asiyejiweza si hisani ya mtu.

Pili, na hapa nakuomba unisikilize sana: mrudishie kazi. Ulimwondolea hatari, lakini kazi nayo ikaondoka. Mwanamke aliyeamka alfajiri miaka 60 kukata majani, ukimkalisha kwenye kiti, mwili wake utaitafuta kazi hiyo hata usiku. Mpe kipande anachokiweza: kuchambua maharage, kukunja nguo, kufagia uwanja. Elekeza jambo moja kwa wakati mmoja. Usimsahihishe. Akisema anataka kwenda nyumbani, muulize kule kuna nani, mtembee kidogo mrudi.

Usiku acha taa njia ya chooni. Shona namba yako ya simu kwenye pindo la kanga zake zote.

Haya si maneno ya kufariji tu. Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa 135 wa kusahau: mtaalamu wa fani yangu alikwenda nyumbani mara 10 kwa wiki 5, akimfundisha mgonjwa pamoja na anayemtunza. Wagonjwa wakajimudu zaidi, na watunzaji wakajiona wanaweza. Hai nako vikundi vya mazoezi ya akili, vikao 14, vilisaidia kumbukumbu na kupunguza wasiwasi. Hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha fani yangu, ulizia huko. Tuko wachache mno, na familia nyingi za vijijini hazitufikii. Hilo linaniuma.

BabaWawili:
Mimi ni kaka wa aina hiyo, nakiri. Nilijua thamani ya dada yangu siku nilipokaa na baba wiki nzima. Andika saa unazotumia kwa siku, kuanzia kumwogesha mpaka usiku unapoamka, uweke kwenye grupu bila matusi. Kisha dai vitu viwili: mapato ya genge yafidiwe, na kila kaka aje wikendi moja kwa mwezi. Aje mwenyewe, asitume hela badala yake.

KitindaMimba_Hai:
Asanteni, nimelia kusoma. Hilo la hela na zamu naliogopa, wataniona namfanyia mama biashara.

TibaKwaVitendo:
Usiogope. Ukianguka wewe, mama ataangukia kwa nani?

KitindaMimba_Hai (siku nne baadaye):
Mrejesho. Juzi nilimpa ungo wa maharage. Kwanza aliutazama tu. Mara mikono ikakumbuka yenyewe: akapepeta, akapuliza makapi, mawe akayaweka pembeni moja moja. Alikaa nao karibu saa nzima, akaniambia, "Haya ya mwaka huu yana mawe mengi." Jioni alipiga kelele, ila kidogo.

Saa nimeziandika, zimefika 11 kwa siku. Nimezituma kwenye grupu. Kaka wa Arusha anakuja Jumamosi. Kaka mkubwa amesoma, hajajibu. Hospitali tunakwenda Jumatatu.

Kuna mwenye mzee anayekataa kuoga? Naombeni mnisaidie na hilo.