Kodi ya miezi ya mvua

Kikundi: WATOTO WA BI KIDAWA

Hamadi: Asalaam alaykum nyote. Naomba ushauri, na mwenye kujua chumba huku Paje anambie. Mwenye nyumba kaja leo baada ya laasiri. Chumba kinapanda kutoka laki na nusu mpaka laki mbili kwa mwezi, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo kabla ya tarehe 5 Aprili. Milioni na laki mbili. Na hoteli yetu inafunga tarehe hiyo hiyo mpaka Juni.

Dada Asha: Waalaykum salaam. Mnafunga na mshahara unaingia?

Hamadi: Likizo bila malipo dada. Wanabaki walinzi na mtu wa bustani. Sisi wa mgahawani tutaitwa wageni wakirudi.

Ami Haji: Laki mbili kile chumba kilichokuwa kinavuja masika iliyopita mpaka mkatega beseni kitandani?

Hamadi: Hicho hicho ami. Choo kimoja vyumba vinne. Mita ya umeme ya Tukuza moja, na friji lake la kuuzia soda limo humo humo kwenye mita yetu. Tukitia umeme wa elfu kumi Ijumaa, Jumapili tunawasha tochi.

Suleiman Muscat: Kwani lazima ukae Paje? Rudi Makunduchi kwa mama. Nyumba ipo, kodi hamna.

Hamadi: Kaka, msimu nikishika zamu ya jioni natoka saa tano usiku. Saa hizo gari za Makunduchi zishalala. Bodaboda usiku hanipeleki chini ya elfu kumi na tano. Piga hesabu ya mwezi mzima uone.

Suleiman Muscat: Nasema hii miezi miwili ya mvua tu.

Hamadi: Hapo ndipo penyewe. Nikitoa virago Aprili, Juni sirudi. Kusi likianza kuvuma wageni wa kaiti, wale wanaoteleza baharini kwa tiara, wanamiminika, na wafanyakazi wenzetu wa bara wanavuka kwa wingi, chumba cha mabati kinagombewa na dalali anataka kodi ya mwezi mzima juu yake. Nalipia Aprili na Mei sina kazi, ili Julai nisikose pa kulala.

Dada Asha: Mama katuma sauti ya dakika nne. Nimesikiliza mpaka mwisho. Anasema mle kwanza, mambo ya kodi baadaye. Na anauliza nani kachukua mbuzi yake ya kukunia nazi siku ya Idi.

Mwajuma: Si mimi 😂

Ami Haji: Hamadi, mkataba mnao? Mliandikishana kwa sheha?

Hamadi: Karatasi ya daftari, saini yake na yangu. Inakwisha tarehe 31. Tena kwanza alinitajia dola 80.

Mwajuma: Dola tena? Si serikali ilishakataza tangu 2025 kutajiana bei kwa fedha za kigeni humu nchini?

Hamadi: Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema haya, shilingi laki mbili. Kabadilisha noti, bei ile ile.

Ami Haji: Watu wa sasa hawana imani. Anajua fika mtu kasimamishwa kazi, ndio anakuja kudai ya miezi sita. Akikosa anasemaje?

Hamadi: Anavigeuza vyumba vitatu vya mbele viwe vya wageni. Fundi wa vigae kashakuja kupima.

Suleiman Muscat: Mimi nitatuma riyali 50 mwisho wa mwezi inshallah. Zinafika laki tatu na kitu.

Hamadi: Ahsante sana kaka.

Ami Haji: Allah akulipe Suleiman. Na yale mabanda unayojenga Bwejuu, utampangisha nani?

Suleiman Muscat: Ami ile ni biashara.

Ami Haji: Ndivyo alivyosema mwenye nyumba wa Hamadi.

Suleiman Muscat: Ujumbe huu umefutwa.

Shangazi Mwanakombo: Nasoma tu tangu magharibi. Mnamsema mwenye nyumba, na mimi ni mwenye nyumba. Semeni basi na mimi nipo.

Ami Haji: Wewe ni dada yangu, wewe mbali.

Shangazi Mwanakombo: Mbali wapi. Vyumba vyangu vya Jambiani vyote ni vya wageni. Mnaona dola 25 kwa usiku mnadhani naokota pwani. Mtandao wa kutafutia wageni unakata chake kwanza. Makuti nimeezeka juzi juzi, upande wa kusini yashaoza. Aprili iliyopita sikulaza mtu hata mmoja, nilikaa nahesabu matone. Mgeni mmoja kanipa nyota mbili kwa ajili ya jogoo wa jirani!

Mwajuma: Jogoo naye kaambiwa? 😂😂

Shangazi Mwanakombo: Hamadi sikiliza. Kile chumba cha uani wageni hawakitaki, hakina upepo na jirani anaanika dagaa. Chukua wewe. Lakini sitaki laki mbili kila mwezi, wala sitaki ya miezi sita. Machi mpaka Mei elfu hamsini. Juni mpaka Oktoba laki mbili na ishirini. Novemba laki. Disemba, Januari, Februari laki mbili na ishirini tena. Ukiwa nazo utoe, ukiwa huna nisikukamue.

Mwajuma: Ngoja. Mwaka mzima ni 2,010,000. Ukigawa kwa 12 ni 167,500. Ziada ya elfu kumi na saba na nusu tu kwa mwezi kuliko anacholipa sasa, na hakuna mkupuo.

Hamadi: Shangazi sijui niseme nini. Ila Juni mshahara wa kwanza unatoka mwisho wa mwezi.

Shangazi Mwanakombo: Ya Juni utanipa Julai. Disemba usiniletee hadithi, ndio miezi na mimi ninayovunia.

Mama Nasri: Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu Hamadi tunakushukuru. Shida yangu ni Nasri, yuko darasa la kwanza hapa Paje na ndio kwanza kazoea. Na mwani huko bado mnalima?

Shangazi Mwanakombo: Marahaba mwanangu. Tunalima. Mwani wa kotonii, ule wa bei nzuri, haushiki tena, bahari ina joto, ni ule wa spinosamu tu na bei yake ndogo unaijua. Kamba utapata kwangu. Nasri skuli ipo, nitazungumza na mwalimu mkuu. Akilia siku mbili atanyamaza.

Hamadi: Kazini nitakwenda kwa baiskeli, Jambiani na Paje si mbali. Usiku barabara ina taa upande wa hoteli, kwengine nitafunga tochi.

Ami Haji: Baiskeli yangu ipo, haina breki ya nyuma. Njoo uichukue.

Suleiman Muscat: Zile riyali 50 nitume vile vile?

Dada Asha: Tuma! Kuna kuhamisha vitu, na beseni jipya.

Hamadi: Shangazi nakuja kesho na daladala ya 309 ya asubuhi nikione chumba.

Shangazi Mwanakombo: Njoo na panga, uani kumeota. Na hiyo baiskeli usije ukaiegesha barazani, wageni wanapiga picha pale.