Mafundi wa "kupima kwa kompyuta" mtatuuzia sensa za oksijeni mpaka lini wakati hata waya wa hita hamjaugusa?

Wakuu leo nina hasira mnivumilie tu. Gari ni Toyota IST, ikawasha taa ya cheki injini, asubuhi ikiwa ya baridi inanuka petroli na kwenye foleni inakunywa mafuta balaa. Nikapeleka kwa fundi, kachomeka kimashine chake, ikaja namba ya hitilafu (kodi) P0135, hapohapo kaniambia sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, imekufa lete hela. Boneti hajafungua!

Sasa nyie mnaojiita mafundi, P0135 haisemi sensa imekufa. Inasema saketi ya hita ya ile sensa ya kwanza, ya kabla ya masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi), ina shida. Saketi maana yake fyuzi, rilei, waya unaoleta moto, soketi, hita yenyewe iliyo ndani ya sensa, na waya unaorudi kwenye kontroli boksi (kompyuta ya injini) ambako hasi ndo inafungwa. Kati ya vyote hivyo we umechagua kile cha kuuza tu. Hita kazi yake ni kuipasha sensa ifike nyuzi 300 na kitu haraka, bila hivyo haisomi vizuri na kontroli boksi inabaki kumwaga mafuta kwa kukisia, ndo maana ya ile harufu ya petroli asubuhi.

Kupima kwenyewe wala sio sayansi ya roketi kama wanavyotutisha. Injini imepoa, chomoa soketi, kwa sensa za Denso zilizokuja na hizi gari nyaya mbili nyeusi ndo hita, weka mita hapo. Sensa ya kawaida ya Toyota inatakiwa isome ukinzani wa kama omu 11 mpaka 16, ikigoma kabisa kusoma hapo sawa hita imekatika nunua nyingine (zile za eya fyueli, aina nyingine inayopima uwiano wa hewa na mafuta, zinasoma chini sana, kama 1.8 mpaka 3.4, msije mkazitupa kwa hilo). Halafu washa swichi, pima upande wa waya wa gari kama moto wa volti 12 unafika. Basi. Dakika chache na mita ya Kariakoo ya bei ya chipsi.

Yeye hakupima. Akaleta sensa yunivaso, yaani ya kuunga kwenye gari yoyote, isiyo na soketi, akakata nyaya za ile ya zamani akaunga kwa kufuata rangi, nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, akazungushia tepu. Jamani kwenye zile yunivaso nyeupe mbili ndo hita na nyeusi ni ya signo, yaani inayopeleka taarifa kwenye kontroli boksi! Yaani kachukua moto wa hita kapeleka kwenye signo, Mungu tu kontroli boksi haijaungua. Taa ikarudi kabla sijafika Ubungo. Nikampigia ananiambia sasa tutoe masega. Masega yanaingiaje kwenye hita kaka???

Nikaenda kwa fundi umeme mwingine, kijana mdogo tu, akafungua soketi upande wa gari akanionyesha pini moja imerudi ndani na imeota kutu ya kijani, maji ya kuosha injini kwa presha yameingia humo. Kaisafisha, kaivuta mbele, kabana, kafunga sensa nyingine iliyoungwa inavyotakiwa, kafuta ile kodi ya hitilafu, taa haijarudi mpaka sasa.

Yule wa kwanza anasema sensa ikishafungwa hairudishwi na hela hana. Sensa yangu ya zamani aliyosema imekufa niliichukua, ipo kwenye mfuko wa rambo, nyaya zilizobaki nimezipima inasoma omu 13. Kesho naenda nayo kwake na mita mkononi, apime mbele ya wateja wake, atuambie imekufa vipi. Aliye maeneo ya Tabata anayetaka kuja kushuhudia aje PM.