Kanisani kila Jumapili ni lazima kweli? Wana Tanga tupeane uzoefu

BodaMakorora: Wakuu salama? Leo asubuhi nimepaki boda Chumbageni nasubiri abiria, watu ndo wanatoka misa ya kwanza, mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa akaniona, hata salamu hakuna, akaniuliza mbele za watu "we bado mkristo?" Hilo swali ninalo hadi saa hizi. Jumapili ndo siku yenye hela jamani, watu wanaenda Raskazone kuogelea, siku zingine ni kubahatisha. Mwezi wa tatu huu sijaingia ila nasali nyumbani. Ni lazima kweli au mazoea tu? Yaliyowakuta semeni.

dada_wa_pongwe: Hiyo "bado mkristo" mi nishaambiwa mara mbili. Tuko wengi.

Mseminari Mstaafu: Kwa sisi Wakatoliki ni amri, siyo mazoea. Sheria ya Kanisa namba 1247, Jumapili na sikukuu za amri unashiriki misa. Ila watu hawasomi inayofuata, 1248, misa ya jioni ya kuamkia Jumapili nayo inahesabika. Na ukiwa na sababu nzito paroko anaweza kukuruhusu. Nenda Jumamosi jioni, Jumapili piga hela zako.

BodaMakorora: Jumamosi jioni ndo harusi zote mzee.

Mlinda Sabato: Nyie mnabishania Jumapili imetoka wapi? Kutoka 20:8 hamjaiona, ikumbuke siku ya Sabato?

Mseminari Mstaafu: Na wewe Matendo 20:7 hujaiona? Siku ya kwanza ya juma walikutana kuumega mkate.

Mlinda Sabato: Walikuwa wanamuaga Paulo, kesho yake anasafiri. Soma yote usikate vipande.

dada_wa_pongwe: Mshaanza. Tokeni nje mkapigane.

Kisiki cha Mkonge: Nimesoma hapo juu mikono inatetemeka. Mzee wangu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, miaka 11, Jumapili asubuhi ndo anarudi na baiskeli yake macho mekundu anaanguka kitandani, rozari mfukoni haitoki. Jumuiya haendi, zaka analipa kwa kurukaruka. Akafariki usiku wa kuamkia Ijumaa, sukari. Asubuhi namfuata kiongozi wa jumuiya kumpa taarifa, mtu hata pole hasemi, ananiambia lete kadi ya zaka. Nimeitafuta nalia, nikaikuta chini ya godoro, mara ya mwisho kulipa ni miaka 2 nyuma. Wakakaa kikao, mzee yuko mochwari wao wako kikao, wanatoka wanasema deni lote lilipwe ndo padri ajulishwe. Yaani padri hajui hata kama kuna msiba!! Mama kakaa chini hasemi. Baada ya swala ya Ijumaa nikaona majirani wanakuja na majembe, Wadigo watupu, Waislamu, hakuna aliyewaita, wanauliza tu kaburi tuchimbe wapi. Bibi wa nyumba ya pili kaleta sufuria la pilau akamwuliza mama "kwani nyie wenyewe hamzikani?" Mama hakujibu. Usiku mdogo wangu akachukua pikipiki hadi kwa padri, padri alishtuka, Jumamosi akaja mwenyewe akazika, kadi hakuuliza. Jumuiya nimeacha tangu siku ile. Misa naenda. Sijui hata kwa nini naenda.

dada_wa_pongwe: Mungu wangu. Pole kaka.

Mama Wawili: Pole sana mwanangu. Ila usizichome jumuiya zote. Mimi nilivyofiwa na baba watoto jumuiya ndo walilala kwangu siku 4, wananichotea maji, wananilishia watoto. Wale wa kwenu walikosa utu tu.

Mseminari Mstaafu: Na hakuna sheria inayomnyima mtu maziko kwa deni la zaka. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki Afrika Mashariki, mwaka 1976 walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo ili watu wajuane, siyo ziwe ofisi ya kodi.

Mlutheri Halisi: Kwetu ni bahasha yenye namba, mzee wa kanisa anaijua namba yako kuliko jina lako 😂 Kijana baki nyumbani, walipo wawili watatu Yesu yupo.

Bibi wa Muheza: Wawili watatu, wewe hapo kwenye boda uko na nani? Babu yangu alibatizwa Magila kwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kanisani anakwenda kwa miguu hadi uzeeni. Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika. Na Luka 4:16, Yesu mwenyewe aliingia sinagogi kama desturi yake, na yeye mahubiri yote anayajua. Wewe unajua nini cha kukuweka nyumbani?

Mlutheri Halisi: Bibi umenimaliza.

BodaMakorora: Kisiki pole sana ndugu yangu, hiyo ya majembe imeniganda. Nimeitafuta kadi yangu, nimeikuta kwenye boksi la spea, mwisho nimelipa mwezi wa pili. Hivi misa ya kwanza inaanza saa ngapi? Maana watu wa Raskazone kabla ya saa 4 hawaamki.

Mama Wawili: Saa 12 na nusu. Nipitie Makorora hapa, nauli nitakupa.

BodaMakorora: Ya kwenda tu au na kurudi?

Mama Wawili: Ukinisubiri hadi ibada iishe, na kurudi.